Ngozi Inabaki au Inatoka

Mume wangu alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimwambia mvua imenyesha Bombo, atataka kujua nani aliyeiona. Ukimwambia fulani ana hali nzuri siku hizi, atakuuliza umejuaje. Ni miaka mingi tangu afe, na mimi niliyekuwa nikichoshwa na maswali yake najikuta nikiyauliza mwenyewe, nikiwa peke yangu jikoni.

Nimeona niandike jinsi alivyofika kwa baba yangu, kwa sababu waliokuwepo sasa ni wachache. Sikusoma sana. Nilifika darasa la nne katika shule ya misheni, basi. Nitaandika nilichokiona na nilichoambiwa na yeye. Nisichokijua nitasema sikijui.

Kwetu ni chini kidogo ya Suji. Ukisimama kwenye migomba ya baba unaona bonde lote, na zamani zile tulikuwa tukiona moshi wa gari moshi likienda Same. Huku milimani ng'ombe hawachungwi. Wanakaa zizini kando ya nyumba, na sisi wanawake ndio tunaowakatia majani na kuwabebea kwa kichwa. Zizini kwa baba walikuwemo watatu: mwekundu, mweusi, na mmoja mwenye baka jeupe shavuni.

Mwenye baka alikuwa wetu. Wale wawili walikuwa wa kuwekewa.

Kwa asiyejua desturi hiyo nieleze. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Ugonjwa ukiingia zizi moja utawamaliza, na macho ya watu nayo si mazuri. Kwa hiyo anampelekea mwenzake mmoja, na mwingine anampelekea mtu mwingine, mbali kidogo. Anayewekewa anakunywa maziwa na kupata samadi ya mgomba na kahawa. Ng'ombe akizaa vya kutosha, naye hupewa ndama wake. Lakini ng'ombe akifa, hata kama nyama yote imeliwa pale, ngozi hupelekwa kwa mwenyewe. Ngozi ndiyo ushahidi kwamba amekufa kweli, hakuuzwa gulioni.

Na kuna jambo moja zaidi. Aliyewekewa hasemi mbele za watu kwamba ng'ombe si wake. Mwenyewe amekupa ng'ombe na amekupa na heshima ya kuonekana mtu mwenye zizi. Ukitamka "huyu si wangu," ni kama umemtupia heshima yake, na kesho yake atakuja na kamba. Ukiulizwa, unajibu, "Wako kwangu." Hata sisi watoto tulijua, na hatukusema.

Sasa, katika utawala wa Waingereza ilikuja kodi ya kupima mali. Kila mtu alikadiriwa alicho nacho, akapangiwa kiasi chake. Waliokuja kwetu kukadiria walisimama mlangoni, wakahesabu mikia mitatu, wakaondoka. Baba hakusema kitu. Watu waliikataa kodi ile. Wanaume walishuka Same wakakaa nje ya boma muda mrefu wakitaka wote walipe sawa, na mwishowe ikaondolewa. Lakini baba alikuwa amekwisha kulipa mara moja. Hakuwa na fedha ya mtu mwenye ng'ombe watatu, kwa hiyo alipanda gari moshi akaenda kukata mkonge huko chini. Alirudi na fedha, akalipa, na akarudi na kifua. Tangu hapo hakuweza kupanda shamba la juu bila kusimama kwenye mfereji wa maji, mkono juu ya goti, akipumua. Mama alikuwa akimwangalia kutoka jikoni mpaka aanze tena kutembea, ndipo aendelee na kazi yake.

Mama alisema siku moja, akichambua maharage, "Akishuka tena kule, hatapanda." Toka siku hiyo kila mgeni mwenye karatasi alituondolea usingizi.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba Mzungu mmoja anakuja na karani wake kuuliza kila nyumba inapata nini kwa mwaka, unaweza kufikiri hali ilivyokuwa. Mbuzi walipelekwa msituni. Kuku walifungiwa vyumbani. Jirani yetu mmoja, mtu wa mzaha sana, aliyekuwa na bati jipya juu ya nyumba yake, alilifunika kwa majani ya migomba, likaonekana kama paa lililoota nywele.

Tuliitwa kwenye uwanja wa shule. Mzungu yule hakuwa mkali. Aliongea Kiswahili kama anayetafuna kitu cha moto. Alisema anataka kujua hali ya nyumba ya kati katika wilaya nzima, na kama imepanda au imeshuka tangu zile hesabu za zamani. Watu wakatazamana. Ndipo karani akasimama kueleza. Alikuwa kijana mwembamba kutoka upande wa Lembeni, na Kichasu chake, lugha yetu ya nyumbani, kilikuwa na mwendo wa kaskazini uliowafanya wasichana wenzangu wazibe midomo.

"Panga nyumba zote mstari mmoja," alisema. "Huku mwanzo isiyo na kitu, kule mwisho yenye kila kitu. Kisha tafuta ile iliyosimama katikati. Nusu ziko nyuma yake, nusu ziko mbele. Hiyo ndiyo tunayoitafuta."

"Kwa nini msichange vyote mkagawanya?" aliuliza mwalimu.

"Tukifanya hivyo, mwenye duka kule Same ataingia na duka lake, na sisi wote tutaonekana tuna mabati."

Watu wakacheka wakimtazama yule jirani. Naye hakukosa neno. "Bwana karani, mimi niweke mwanzo kabisa. Nyumbani kwangu hata panya wamehama."

"Nyuma yangu!" akapaza sauti mwingine. "Wewe panya walikuwepo, ndiyo maana wakahama. Kwangu hawakuwahi kuja."

Siku ile watu waligombea umaskini kama watoto wanavyogombea ukoko. Mama peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono akauliza, "Hesabu hii ni ya kodi?"

Mzungu akasema si ya kodi. Mama akamgeukia karani. "Na wewe unasemaje, mwanangu?"

Nakumbuka vizuri alivyojibu. "Mimi nimeambiwa si ya kodi, mama. Kama kesho mtu mwingine atazichukua karatasi hizi akazifanyia kitu kingine, sijui. Siwezi kukuapia."

Watu wakanung'unika, na Mzungu akamtazama kwa jicho la pembeni. Lakini mama alikaa chini, na tulipokuwa tukirudi nyumbani alisema, "Yule angalau hakuapa."

Alikuja kwetu siku chache baadaye, mchana, peke yake. Mimi nilikuwa nimeshusha mzigo wa majani mlangoni pa zizi. Alimsalimu baba, "Shikamoo, baba," akamsalimu mama, akapewa kigoda. Akaanza. Kahawa kiasi gani. Mahindi kiasi gani. Kuna mtoto yeyote anayefanya kazi ya mshahara? Hakuna. Maharage je? Ndizi? Mayai yanauzwa au yanaliwa?

"Yanaliwa," mama alisema.

"Niandike pia yanayoliwa. Bwana anataka vyote, vinavyouzwa na vinavyoliwa. Tunaviwekea bei ya gulioni."

Mama aliacha mwiko. "Na makande?"

"Na makande."

"Kwa hiyo tukila sana ndiyo tunatajirika?"

"Kwenye karatasi, mama, ndiyo."

"Basi wageni wangu wote wananifanya tajiri," mama akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona karani akicheka. Alikuwa na pengo dogo upande mmoja. Sijui kwa nini nalitaja, ila nililiona.

Kisha akatazama zizini. Mimi nikabaki na kamba ya majani mkononi.

"Na ng'ombe, baba. Hawa watatu ni wako?"

"Wako kwangu," baba alisema.

Kalamu ikasimama. Baba alikuwa akitazama mbele yake tu, kifua kikipanda na kushuka. Nilijua tukikaa kimya hivi tutaandikwa watatu, na mwaka wowote watakaotaka kupandisha kodi baba atapanda gari moshi. Nilijua pia nikifungua mdomo nitamvunjia baba neno lake. Mama alikuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mikono miwili.

Karani hakurudia swali. Aliuliza habari ya maziwa, akaandika. Akauliza habari ya samadi, inakwenda kwenye mgomba au kahawa. Halafu, kama mtu anayepiga soga tu, akasema, "Mwaka ule wa ukame, baba, kuna ng'ombe aliyekufa hapa?"

"Alikufa mmoja."

"Ngozi ilibaki au ilitoka?"

Baba aligeuza kichwa akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayetazama njia aliyoisahau. "Ilitoka," alisema.

"Na huyu mwekundu, Mungu apishe mbali, ngozi yake itabaki au itatoka?"

"Itatoka."

"Mweusi?"

"Itatoka."

"Na mwenye baka?"

"Hiyo itabaki," baba akasema. "Nitailalia mwenyewe."

Karani akaandika. Hakuuliza inatoka kwenda kwa nani. Alifunga karatasi zake, akashukuru, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kumpa maziwa kila apitaye, akamletea kibuyu. Alikunywa amesimama. Baba alimsindikiza mpaka kwenye mfereji, wakakaa pale kidogo, baba akipumua. 

Yaliyofuata nayajua kwa sababu alinisimulia karani mwenyewe, baada ya kuwa mume wangu. Alipita nyumba zote na swali lile. Watu walimjibu, kwa kuwa halikuwalazimisha kumtaja mtu wala kumkana ng'ombe. Nyumba ambayo ngozi inatoka aliiandikia maziwa na samadi tu, kwa maana ndiyo mapato yake. Lakini alipopeleka karatasi Same, Mzungu alizijumlisha akakuta kuna ng'ombe wengi wanaonywewa maziwa na hawana mwenyewe. Akamwuliza, "Hawa ni wa nani?"

"Ni wa nyumba nyingine, Bwana."

"Nyumba ipi?"

"Sikuuliza."

Mzungu hakufurahi. Alimwambia arudi milimani alete majina ya wenyewe, la sivyo atachukua hesabu ya ng'ombe kutoka orodha ya zamani, ile ya mikia. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Akileta majina, atakuwa amewauza wenye ng'ombe, na baba yangu na wenzake watanyang'anywa ng'ombe hao. Akikataa, baba yangu atarudi kuwa mtu mwenye watatu. Alisema alikaa nje ya ofisi siku ile mpaka kivuli kikamhama. Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe, nyumbani kwao, aliwahi kubeba ngozi ya ng'ombe aliyekuwa amewekewa mama yake. Alimkumbuka mzee aliyeipokea. Mzee yule hakuona haya kuipokea mbele za watu. Kupokea ngozi hakukuwa siri. Siri ilikuwa inakotoka.

Akamwendea Bwana akamwomba ruhusa apite tena na swali moja tu: "Mwaka ng'ombe wanapokufa, kuna ngozi zinazoingia kwako?" Basi. Anayesema zinaingia, aulizwe anangojea ngapi. Inakotoka, asiulizwe.

Mzungu alifikiri, akacheka, akasema jaribu.

Alizunguka upya kwa miguu, mpaka Bombo. Wengine walimjibu. Wengine walimwambia ngozi pekee inayoingia kwao ni ya magoti yao wenyewe. Mwishowe zilizoingia na zilizotoka hazikulingana. Zilikaribiana, lakini hazikulingana, naye alisema hivyo waziwazi. Alimwambia Bwana pia kwamba hesabu hii haiwezi kuwekwa kando ya ile ya zamani, kwa sababu ile ilihesabu mikia na hii inahesabu ngozi. Ukiziweka pamoja utadhani nyumba ya kati imeanguka, kumbe ilikuwa imepandishwa bure tangu mwanzo. Bwana alitaka sana kulinganisha. Ndiyo kazi iliyomleta. Aliikubali shingo upande. Akaandika kwamba mwanzo wa kulinganisha uwe mwaka huu, na atakayekuja baadaye aulize swali lilelile.

Msimu uliofuata ukatangazwa mkutano. Baraza lilikuwa limeamua kwamba wenye mali zaidi waongeze kidogo kwa ajili ya barabara na shule, na majina yangesomwa uwanjani. Kama walizitazama karatasi za karani au walitumia akili zao, sikujua wakati ule na sijui mpaka leo. Baba alivaa koti lake. Mama hakwenda, alisema ana maharage motoni. Baba nilimsindikiza mimi, na tulipumzika njiani mara nyingi.

Majina yalisomwa. La yule jirani mwenye bati lilisomwa, naye akasimama akaguna, "Majani yale yalikauka mapema," watu wakacheka mpaka msomaji akangoja. La mtu mmoja wa Bombo lilisomwa, mtu ambaye mimi nilijua ni mwenye mwekundu na mweusi. Hakutikisika. Alikuwa na uwezo wa kulipa, alilipa, na ng'ombe wake waliendelea kukaa kwetu.

Jina la baba halikusomwa.

Tuliporudi, mama alikuwa amesimama kwenye migomba. Maharage yalikuwa yameungua. Baba akamwambia, "Nipe hayohayo," akala yote.

Karani alirudi kwetu tena, safari hii bila karatasi. Alikuja na wazee wa ukoo wake, na posa. Baba aliwasikiliza wageni kwa adabu zote, kisha akasema, "Huyu kijana namjua. Wenzake huposa kwanza, ndipo wakajua baba mkwe ana nini. Yeye amekwisha kuhesabu mpaka mayai. Sasa mimi nitamdanganya nini?"

"Baba," akajibu mmoja wa wazee, "ndiyo maana amekuja. Angekuta kitu kibaya asingerudi."

Tulioana. Alinunua shamba upande wetu, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Miaka michache baadaye alitumwa tena kuuliza, na aliuliza swali lilelile. Kahawa ilikuwa na bei wakati ule, na aliniambia nyumba ya kati imepanda kidogo. Nilitaka kujua ni nyumba ya nani.

"Haina jina."

"Ni ya baba?"

"Ingekuwa ya baba yako ningekuambia haina jina. Isingekuwa yake ningekuambia hivyohivyo."

"Basi kula chakula chako," nikasema.

Alikufa kwa homa aliyoipata bondeni, kabla bendera haijabadilishwa. Tulimzika kando ya kahawa yake. Katika matanga nilikaa ndani na wanawake, na baba alikaa nje na wanaume, amejikunja kwenye kigoda, kifua chake kikisikika mpaka kwetu. Alikuwa mzee sasa. Lakini alikuwepo. Nilikuwa nikimsikia akipumua, na pumzi ile ilinishika zaidi ya maneno ya faraja.

Siku ya tatu alifika mtu nisiyemjua. Nilimwona kupitia mlango. Alikuwa na vumbi la barabara mpaka magotini, na begani amebeba ngozi iliyokunjwa, ya kijivu. Akawasalimu watu, akakaa, akanywa maji aliyopewa, akangoja mpaka sala zilipokwisha. Ndipo akasimama.

"Natoka Lembeni," alisema. "Nilipata habari nikiwa njiani kuja. Marehemu aliniwekea ng'ombe, mtamba, na amezaa kwangu. Wiki iliyopita ng'ombe huyo alikufa. Ndama yuko hai, ananyonya kwa mwingine. Nimeleta ngozi, na sijui sasa nimkabidhi nani."

Mimi sikuwa na habari ya ng'ombe huyo. Mume wangu aliyeuliza nyumba zote hakuwahi kuniambia, na mimi niliyeishi naye sikuwahi kumwuliza. Hapakuwa na shahidi hata mmoja. Mtu yule angeweza kuuza ngozi, akabaki na ndama, na jua lingezama kama kawaida.

Wanaume walimtazama shemeji yangu, kaka yake marehemu, ambaye kwa desturi angeweza kunyoosha mkono kuipokea. Shemeji alitazama chini. Kisha akamgeukia baba, nadhani kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale.

Baba alijishikilia magoti akasimama. Ilimchukua muda. Akapokea ngozi kwa mikono miwili, akaipapasa kuangalia kama imekaushwa vizuri.

"Inabaki hapa," alisema. "Na ndama akiwa mkubwa, aje hapa."

"Inabaki," shemeji akasema.

Sikulia wakati ule. Nililia baadaye kidogo, nilipomwona baba ameitandika ile ngozi uani, upande wa manyoya chini, na kuanza kuipigilia vigingi ili isijikunje tena. Watu walitaka kumsaidia, akawakatalia. Alipigilia kigingi kimoja, akapumzika, mkono juu ya goti. Akapigilia kingine.